Tangazo Linaleta Meseji, Hela Iko Kwenye Majibu

Mteja wangu wa kwanza kwenye kazi ya kuendesha matangazo ya mtandaoni alikuwa dada mmoja mwenye duka la madera mtaa wa Kongo, Kariakoo. Alinipa shilingi 70,000. Nikaweka tangazo la Facebook na Instagram la siku saba, elfu kumi kwa siku, ukibonyeza linakupeleka moja kwa moja WhatsApp ya duka. Wiki ilipoisha meseji zilikuwa zimepita 60. Nikaenda dukani kifua mbele. Akaniangalia, akasema, "Mdogo wangu, nimeuza madera mawili."

Nikaomba simu yake nisome. Mtu kauliza bei saa tatu usiku, kajibiwa kesho yake saa tano asubuhi: "Mambo." Mwingine kauliza kama wanatuma Mbeya, kajibiwa "ndiyo", basi, hakutajiwa nauli ya mzigo wala siku ya kufika. Wa tatu alishakubali kununua kabisa, katumiwa lipa namba, alipotaka kulipa likatokea jina la duka la vifaa vya simu. Namba ilikuwa ya kaka yake huyo dada. Mteja akaandika, "Mbona jina tofauti?" Hakujibiwa, na hakurudi. Hata mimi ningekimbia. Nani hajatapeliwa mtandaoni, au hana ndugu aliyetapeliwa?

Wewe unayeanza kazi hii, chukua hesabu ya siku ile. Elfu 70 gawa kwa madera mawili: kila dera limekula 35,000 za tangazo, na dera lenyewe linauzwa 25,000. Ukigawa kwa meseji, kila moja imegharimu kama elfu moja na kidogo, na ripoti inapendeza kweli. Ndiyo maana usimpelekee mteja ripoti ya meseji peke yake. Gawa kwa mzigo uliotoka dukani, hata kama namba inakutia aibu.

Siku hizi kabla sijagusa tangazo lolote naomba kwanza nione simu ya duka. Kwa yule dada tulihamia WhatsApp Business, tukaandaa majibu ya haraka ya maswali matano yanayojirudia kila siku: bei, saizi, rangi, duka lilipo, kutuma mkoani. Akachukua lipa namba yenye jina la duka lake. Kisha tukaweka lebo: "ameuliza bei", "anasubiri mshahara", "amelipa". Lebo ya katikati usiidharau. Mtu anayekwambia tarehe 12 kwamba atachukua mwisho wa mwezi mara nyingi hadanganyi, ila anasahau. Tarehe 27 mkumbushe mara moja, kwa jina lake na picha ya dera lile lile alilolitaka. Mara moja tu. Ukizidisha anakublock.

Kuhusu "Bei DM" nitabishana na mfanyabiashara yeyote. Wanaficha bei wakiogopa jirani wa duka la pili, wakati jirani alishaijua zamani. Andika bei kwenye tangazo lenyewe. Meseji zitapungua na mwenye duka atakupigia simu akilalamika, mwambie asubiri. Wanaobaki ni wale walioiona bei na bado wakabonyeza.

Picha tulizoanza nazo zilitoka kwa msambazaji wa China, mrembo kasimama kwenye ukuta mweupe, na picha hizo hizo zilikuwa kwenye kurasa kumi nyingine. Tukarekodi video ya sekunde 15 kwa simu: dada mwenyewe analikunjua dera, analivuta kuonyesha kitambaa hakikatiki, nyuma yake kibao cha duka. Tukaandika maneno juu ya video kwa sababu wengi wanaangalia bila sauti, wako kwenye daladala au kazini. Sauti za wamachinga tuliziacha. Anayeijua Kariakoo anazitambua.

Upande wa mitambo sina mengi. Mashine ya Meta, wenye Facebook na Instagram, inakupa ulichoomba: ukibusti posti (kulipia ionekane na wengi) bila kuangalia lengo, unaweza kulipia laiki, na itakutafutia watu wenye mazoea ya kulaiki. Chagua meseji au mauzo. Ukiwa na elfu kumi kwa siku, usiigawe kwenye seti tano za matangazo, yaani mafungu ya matangazo, kila moja na walengwa wake. Seti moja inahitaji kama matokeo 50 kwa wiki, yaani meseji au mauzo uliyochagua, ili mashine ijifunze nani wa kumwonyesha na itulie, na kila ukibadilisha vitu vikubwa inaanza kujifunza upya. Acha kuichokonoa kila asubuhi. Eneo nalo lifuate usafirishaji: dera linapanda basi hadi Mbeya, lakini chipsi za Sinza zinaishia pale bodaboda inapofika zikiwa bado za moto.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la akaunti. Niliendesha wateja watatu kwenye akaunti yangu moja ya matangazo, kadi yangu moja. Mmoja wao alikuwa anauza dawa ya kupunguza mwili, nikaweka picha za "kabla na baada", kitu kilichokatazwa waziwazi kwenye masharti ambayo sikuyasoma. Akaunti ikafungwa. Wote watatu wakasimama, wiki moja kabla ya Idi, msimu ambao muuza madera anausubiri mwaka mzima. Kila mteja awe na akaunti yake na kadi yake, wewe upewe tu ruhusa ya kuiendesha. Nywila yake usiiombe.

Duka la mtaa wa Kongo bado ninalo. Mzunguko wa pili, kwa elfu 70 ile ile, yalitoka madera 14. Sasa kuna binti anayeshika simu kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku, watu wanapokuwa wametulia nyumbani na simu mkononi. Analipwa elfu tano kwa siku. Hiyo elfu tano tuliikata kwenye bajeti ya tangazo.