Bembea ya Bibi Harusi: Kiti Kwanza, Maua Baadaye

Mwezi huu wengi wenu mmeniuliza kuhusu bembea inayowekwa sebuleni au ukumbini kabla ya harusi za Kihindi, bibi harusi akakalishwa juu yake apakwe hina, aimbiwe na kupigwa picha. Wagujarati huiita hichko au hindolo, kaskazini mwa India ni jhula, Watamil wa kusini husema oonjal. Nimepamba bembea nyingi hapa Dar es Salaam, na haya ndiyo ninayoyajua.

Jirani yangu Mgujarati ameniomba nimpambie bembea ya siku ya hina ya bintiye. Nianze na vitambaa au maua? – Mama wa Upanga

Mama, anza na kiti. Watu hukimbilia maua kwa kuwa ndiyo yanayong'aa pichani, lakini atakayekaa na kazi yako kutwa nzima ni bibi harusi. Hina yake hupanda hadi karibu na viwiko, na miguuni hupita vifundo, kazi inayoweza kula saa 4, hata 6. Muda wote huo hawezi kushika kitu, kujikuna wala kujiweka sawa mgongo. Kwa hiyo pima: ubao uwe kama sentimita 45 kutoka sakafuni ili nyayo zake zifike chini bila kuning'inia. Tandika godoro jembamba, nyuma weka mto mrefu wa duara, na kila upande takia moja la kuegemeza kiwiko. Neno takia Wahindi nao wanalo. Mtajie jirani, atakuelewa papo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo wapambaji wapya hulisahau. Mchoraji wa hina hawezi kuchora juu ya kiti kinachoyumba. Funga ubao kwa kamba mbili kwenye miguu ya fremu, zifiche kwa kitambaa, na uzifungue hina ikishakauka. Hapo ndipo mashangazi na marafiki waje wamsukume polepole huku wakiimba.

Sasa njoo kwenye vitambaa. Siku ya hina kijani hupendwa sana, pamoja na njano na waridi. Kama familia ina shali ya zamani ya bandhani, ile yenye vidoti vinavyofungwa kwa uzi kimoja kimoja kabla ya nguo kutiwa rangi, kazi maarufu ya Kutch na Jamnagar kule Gujarat, magharibi mwa India, iombe. Itandaze mgongoni mwa kiti, na usiitoboe kwa pini hata moja. Binti akikaa mbele ya shali aliyoivaa bibi yake, mita 20 za satini mpya haziwezi kushindana na hilo.

Uliza pia bembea yenyewe ni ipi. Nyumba nyingi za Kigujarati zina hichko yao, na kama ni ya Sankheda, mji wa Gujarat unaojulikana kwa samani za msaji uliokerezwa na kupakwa lakiri ya rangi ya machungwa, maruni na dhahabu, tafadhali usiifunike. Vivyo hivyo minyororo ya shaba yenye tembo, tausi na kasuku kwenye viungo vyake. Hapo weka koja moja kila upande, kisha waachie nafasi mafundi wa zamani waonekane.

Bajeti yangu ni ndogo. Nichukue maua gani, na kiasi gani? – Msomaji, Tanga

Genda na asmini yanakutosha. Genda ni yale maua ya rangi ya machungwa na njano yenye petali zilizosongamana. Asili yake ni Meksiko, lakini leo ukiyatoa kwenye sherehe ya Kihindi utaona sherehe imepauka. Yanapendwa kwa uvumilivu wake: ukiyatunga asubuhi, jioni bado yamesimama.

Tumia sindano ndefu na uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili, upite katikati ya kikonyo. Ua moja likibanwa vizuri hula sentimita 2 hadi 3, kwa hiyo koja la mita 1 linataka maua 35 hadi 50. Bembea yenye minyororo 4 ya mita 2 kila mmoja itakula maua 280 hadi 400 ukiizungushia yote. Usiizungushie yote. Sehemu ambayo aliyekaa hushika kwa mkono iache wazi, la sivyo maua yatasagika, mkono utateleza na nguo itachafuka. Hapo umeshaokoa fedha.

Asmini ni hii hii yetu ya vikuba. Wahindi huiita mogra. Hufunguka usiku, na mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa hilo. Chuma matumba jioni, yatunge yakiwa bado yamefumba, yahifadhi kwenye kitambaa chenye unyevu, na uyaninginize dakika za mwisho. Yatafunguka bibi harusi akiwa ameshakaa, harufu imshukie yeye. Usiyamwagie maji. Niliwahi kuyanyunyizia nikidhani nayaburudisha, na kabla wageni hawajala yalikuwa yamegeuka kahawia kichwani pa bibi harusi. Niliumia, kwa sababu picha zile hazirudiwi.

Kwa mwamba wa juu, omba majani ya mwembe. Yatunge kwa kupokezana na genda, upate toran, pambo lile lile wanaloning'iniza milangoni. Gharama yake ni uzi tu.

Ukumbi hauna fremu. Naweza kutundika bembea darini? – Fundi, Mwanza

Dari la jipsamu, hapana. Hapana kabisa. Ndoano ikishika jipsamu au mbao nyembamba za kushikilia dari, itang'oka mbele ya watu.

Hebu tupige hesabu pamoja. Watu wawili wa kilo 70, na ubao wa kilo 20, ni kilo 160 bembea ikiwa imetulia. Lakini bembea ikirushwa hadi pembe ya nyuzi 45, inapopita chini minyororo hubeba karibu mara 1.6 ya uzito huo, yaani kilo 250 na zaidi. Na hapo hujamhesabu mjomba atakayerukia pembeni ili naye awemo kwenye picha. Mimi sikubali kifaa chochote ambacho hakijapimwa kubeba angalau kilo 800. Kama kuna boriti ya zege au ya chuma, mwite mhandisi wa jengo aseme ni wapi pa kufunga bolti zenye pete. Kama hakuna, kodi fremu ya chuma yenye miguu mipana, na kabla hujaweka ua hata moja, wakae watu wazima watatu waisukume kwa dakika 10. Sikiliza. Fremu inayolia inakueleza kitu.

Kamba ya katani ni nzuri kwa macho, lakini hukatika bila taarifa. Mzigo ubebwe na mnyororo. Kamba izungushwe juu yake kama pambo.

Rafiki yangu Mtamil anaolewa Chennai na amenialika. Anasema bembea kwao si mapambo tu. Nitarajie nini? – Msomaji, Nairobi

Amekuambia kweli, na una bahati kuiona. Katika harusi nyingi za Kitamil, hasa za familia za Kibrahmini (tabaka la makuhani), oonjal ni sehemu ya siku ya harusi yenyewe. Bwana na bibi harusi wakishavishana makoja, hukalishwa pamoja kwenye bembea. Wanawake walioolewa huwapa maziwa na ndizi, huwazungushia matonge ya wali yaliyotiwa rangi na kuyatupa pande nne ili kuondoa husuda, na muda wote huo nyimbo za bembea zinaendelea. Kwenda na kurudi kwa ubao ni kupanda na kushuka kwa maisha. Minyororo ni kifungo kisichokatika.

Ukiombwa kusaidia kupamba, kumbuka kwamba wanawake watazunguka. Acha angalau mita 1 na nusu wazi kila upande, usiweke vyungu wala taa za sakafuni. Na kwa kuwa maziwa na wali vitadondoka, mahameli haifai. Ubao mtupu na asmini nyingi kwenye minyororo, hiyo ndiyo sura yake.

Siku ya manjano imeacha madoa kwenye vitambaa vyote vya bembea. – Msomaji, Arusha

Ukitia sabuni, doa litageuka jekundu. Usiogope, ndivyo manjano yanavyofanya. Fua, suuza, kisha anika juani kwa siku mbili tatu. Jua hupausha rangi ya manjano kuliko dawa yoyote ninayoijua. Safari ijayo, siku hiyo ya pithi, yaani bibi harusi anapopakwa manjano, tandika pamba ya njano.

Sisi ni Waislamu wa Mombasa. Binti yangu anataka bembea siku ya hina. Je, tutakuwa tumeiga ibada ya Wahindu? – Mama, Mji wa Kale

Mama, nakuelewa. Ni kweli kwamba katika mahekalu ya Vaishnava, Wahindu wanaomwabudu Vishnu, sanamu ya mungu Krishna hubembezwa kwenye hindola, yaani bembea, mwezi wa Shravan wa kalenda ya Kihindu, na wapambaji wengine huning'iniza picha za Krishna na mpenzi wake Radha juu ya kiti. Hizo ziondoe, pamoja na vitaa vya mafuta vya puja, ibada yao. Lakini hichko yenyewe ni samani ya nyumbani, na Wabohora na Wamemoni, Waislamu wa Gujarat, nao wamekalia bembea hizo kizazi baada ya kizazi. Kama moyo bado una wasiwasi, muulize shehe wenu kabla hamjalipa amana.

Mkiamua kuiweka, sioni haja ya genda. Shusheni vikuba vya asmini, mrehani na kilua kwenye minyororo, tandikeni leso mpya kitini, na chetezo kifukizwe udi mbali kidogo na vitambaa. Binti atajua yuko kwao.