Waya, kulabu au kishikizo cha meno bandia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa meno bandia, niko Morogoro. Miaka yote tumekuwa tukiyashikiza meno ya kuvaa kwenye meno ya asili yaliyobaki kwa vyuma vyembamba, na wagonjwa wanaviita "waya". Siku hizi vipo vya plastiki vya rangi ya jino, mtu akicheka havionekani. Tunaandaa kikaratasi cha maelezo kwa wagonjwa, na mwenzangu ameandika: "kulabu za resini ya thamoplastiki zenye rangi ya meno kwa ajili ya meno bandia nusu yanayong'oleka". Naona haijakaa sawa ila nashindwa kueleza kwa nini. Tuandikeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na neno litakalomtisha mgonjwa kabla hajafika kiti chako: "yanayong'oleka". Kung'oa ni kazi ya koleo na sindano ya ganzi. Kinachong'olewa ni kile kilichokita mahali, kama jino, kisiki au msumari uliopigiliwa. Meno bandia hayakukita popote. Huvaliwa asubuhi na kuvuliwa usiku, kama miwani. Basi ni meno bandia ya kuvua.

"Nusu" nayo haifai, kwa sababu aliyepoteza magego mawili hajapoteza nusu ya meno yake. Neno tunalo, nalo ni pengo. Wahenga walipolitaja jino la kutengenezwa walilitaja na pengo lake: jino la pembe si dawa ya pengo. Usilichanganye na mwanya, ule uwazi wa kuzaliwa nao kati ya meno ya mbele ambao watu huusifu. Mwenye mwanya hana haja ya kuzibwa. Andika "meno bandia ya mapengo". Yale ya kibogoyo yaite "ya kinywa kizima".

Sasa kile kidude chenyewe. Kusema kweli, niliposoma barua yako nilikuwa tayari kukujibu "kibanio", maana tuna vibanio vya nywele na vya nguo, na kila mtu anavijua. Lakini nikaona nisiseme kabla sijakitazama. Nikaenda kwa fundi mmoja wa fani yenu, akaniwekea mfano wa taya wa plasta mkononi na kunitaka nilitazame jino kwa ubavuni. Limetuna katikati, kisha linanywea kuelekea kwenye ufizi. Akashusha meno bandia taratibu. Mkono wa kile kidude ukapanuka kidogo ulipopita kwenye tumbo la jino, ukalia tak, ukatulia pale chini palipobonyea. Nikauliza, sasa umelibana jino? Akasema hapana, na tena haupaswi kulibana. Ukilisukuma kutwa, mwisho jino litahama mahali pake. Kazi yake ya kushika huanza pale tu meno bandia yanapotaka kutoka.

Pale pale nikaliacha neno kibanio. Kubana ni kukaza wakati wote, na hiki hakikazi.

Kulabu inakaribia, kwa kuwa kweli kinanasa chini ya lile tumbo la jino. Ila kulabu tunaijua kwa ncha yake, ni ya kutundikia nyama buchani. Sitaki mgonjwa aifikirie kinywani mwake.

Ninalokupa ni kishikizo. Tazama kitenzi chake. Ukimwambia mshonaji "nishikizie kifungo hiki", humwombi akikaze, unamwomba akifunge kwenye nguo kisianguke. Na zile shule shikizi zetu huitwa hivyo kwa kuwa zimeegemezwa kwenye shule mama. Kidude chako ndicho kinachofanya hivyo: kinayaegemeza meno ya kutengenezwa kwenye meno ya asili.

"Waya" liache kwa vile vya chuma. Neno hilo linataja wembamba, na wembamba ndio plastiki isiouweza. Aloi ya kobalti na kromi, yaani mchanganyiko wa metali unaotumika kwa vile vya chuma, ni ngumu, hivyo mkono mwembamba unaoingia kwenye mbonyeo kwa takriban robo milimita unatosha. Plastiki inapinda kwa urahisi mno, ndiyo maana mnaifanya nene na fupi zaidi, tena mnaiingiza ndani zaidi, kama nusu milimita. Unene huo unashika mabaki ya chakula, jambo ambalo kikaratasi chenu kisilifiche.

"Resini ya thamoplastiki" ibaki kwenye vitabu vya chuoni. Kwa Kiswahili ni plastiki inayolainika kwa joto, iwe asetali au nailoni. Tafsiri ni sahihi, lakini mnywaji wa chai ya moto akiisoma ataogopa. Maabara huiyeyusha kwa nyuzi zaidi ya 160, na maji yakichemka hufika 100 tu, kwa hiyo hana la kuogopa. Mwandikie "plastiki", inatosha. Na usijaribu kuitafsiri resini kuwa "utomvu". Huo ni wa mti, na msomaji atadhani mnamgandisha kwa gundi.

Limebaki la rangi. Mwenzako ameandika "rangi ya meno". Mimi nataka umoja, "rangi ya jino". Meno ya kinywa kimoja hayana rangi moja. Chonge kwa kawaida lina umanjano kuliko meno ya mbele yanayopakana nalo, nanyi huchagua rangi kwa kutazama jino litakaloshikwa. Upatanisho wa "cha plastiki cha rangi ya jino" si kosa, ila cha-cha hizo mbili zinagongana masikioni. Sema "chenye".

Kikaratasi kisomeke hivi: "Meno yako bandia ya mapengo yana vishikizo vya plastiki vyenye rangi ya jino. Yavue kila usiku kwa mikono miwili, pande zote kwa pamoja, na usugue kwa mswaki upande wa ndani wa kila kishikizo." Na mgonjwa akikuambia waya wake umelegea, usimsahihishe. Mwangalie kwanza.