Kwenda Pwani kwa Gari la Kulala: Ushauri kwa Watu wa Kigoma

Tangu mimi na wifi yangu tulipoanza kwenda pwani kwa Hiace tuliyoiwekea kitanda na jiko la gesi, majirani zetu wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, huniuliza kama gharama ya fundi inarudi. Jibu langu ni kwamba inarudi ukiwa ufukweni na vijijini, lakini mjini gari hilo ni mzigo, na anayepanga kulala ndani yake kila usiku kuanzia Kigoma hadi Tanga atachoka kabla hajaiona bahari.

Nianze na mwenza wa safari, kwa sababu ndani ya gari hakuna pa kujitenga. Wifi ni mtu wa heshima. Humkemei kama unavyomkemea mdogo wako, naye hali kadhalika, kwa hiyo jambo lisiposemwa kabla ya kuondoka hubaki moyoni njia nzima. Kubwa kuliko yote ni fedha. Kila mmoja wetu hutoa kiasi sawa, kikawekwa kwenye laini moja ya simu isiyotumika kwa jambo lingine, na humo ndimo hulipwa mafuta, chakula na malazi. Zikipungua, wote wawili tunaongeza. Zawadi za nyumbani kila mtu hununua kwa fedha zake, maana mwenye ukoo mkubwa hawezi kumtwisha mwenzake kanga za shangazi zake wote. Usukani tunapokezana kila baada ya saa mbili hivi, na asiyeendesha haruhusiwi kufundisha udereva. Kazi yake ni kuangalia vibao vya kilometa 50 kwa saa vijijini, kwa kuwa huko ndiko askari wenye tochi za kupimia mwendo hupenda kusimama. Hata kitanda kina utaratibu wake: wifi huamka alfajiri kuswali, nami hupenda kulala hadi jua litoke, kwa hiyo yeye hulala upande wa mlango.

Njia yenyewe haihitaji maneno mengi. Tunapita Uvinza, tunavuka Malagarasi, kisha Urambo, Tabora, Itigi, Manyoni na Dodoma; ni zaidi ya kilometa 1,200 hadi Dar es Salaam, na usiku hatuendeshi. Kwa sehemu kubwa ni mwelekeo ule ule wa misafara ya zamani iliyotembea kati ya Ujiji na Bagamoyo, na anayependa historia asimame Kwihara, karibu na Tabora, alipokaa Livingstone mwaka 1872 baada ya kukutana na Stanley pale kwetu Ujiji.

Ukifika pwani, mengi uliyozoea ziwani hayatakusaidia. Ukiegesha gari Kibirizi, kando ya Ziwa Tanganyika, jioni, asubuhi utayakuta maji pale pale ulipoyaacha. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, saa zake zikisogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa kwenye pwani yetu huzidi mita 3. Mchanga mgumu unaokuvutia kuegesha saa nne asubuhi unaweza kuwa chini ya mawimbi saa kumi jioni, na nimewahi kuona vijana wakivuta Noah kwa kamba huku maji yakiingia milangoni. Waulize wavuvi wa mahali hapo, kisha egesha juu kabisa ya mstari wa mwani mkavu ulioachwa na maji makubwa.

Maji ya ziwa letu unaogea na kuoshea vyombo. Baharini utahitaji madumu ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa kila kitu, pamoja na kuosha uvungu wa gari, kwa maana chumvi hula chuma hata pale usipoiona. Joto nalo ni jambo la kuzingatia. Kigoma iko zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, ilhali usiku wa Pangani mwezi wa Februari unaweza kukutoa ndani ya gari ukalale nje na mbu. Sisi huenda kati ya Juni na Agosti, masika yakiwa yamekwisha na upepo wa kusi ukivuma, na madirisha tumeyawekea nyavu za kuzuia mbu ili yabaki wazi usiku kucha. Popote tunapotaka kulala nje ya hoteli, kwanza tunamwona mwenyekiti wa kijiji na kujitambulisha. Hilo si adabu tu; ni usalama, kwa kuwa wanakijiji wakijua ninyi ni wageni wa nani, gari lenu halitagongwa usiku wa manane.

Mjini utaratibu ni mwingine kabisa. Gari lililofungwa katikati ya Dar es Salaam halina hewa, halina choo, na kila mlinzi atataka kujua mnafanya nini humo. Tunatafuta gesti yenye ua na mlinzi huku Kimara, tunaliacha gari hapo, na kwenda Kariakoo au Kivukoni kwa mwendokasi, usafiri uliopo tangu mwaka 2016. Dodoma tunafanya vivyo hivyo kwa bajaji. Tanga ni rahisi zaidi, mji tambarare wa baiskeli ambao unaweza kuutembelea bila kuwasha injini, na magofu ya Tongoni hayako mbali ukitoka huko kuelekea Pangani.

Gesti ina faida nyingine: kila mmoja hupata chumba chake. Baada ya siku kadhaa za kulala bega kwa bega, hata mawifi wanaopendana wanahitaji mlango wa kufunga. Bei ya vyumba viwili huuma, kwa hiyo itengeni mapema kwenye ile laini ya pamoja, kabla hamjaanza kuhesabu mafuta ya kurudi.