Barua Iliyokutwa Mfukoni mwa Jack Trice

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza ni ipi njia bora ya kumuenzi mwanamichezo aliyefariki angali mwanafunzi wa chuo. Jibu langu nimelipata katika maisha ya Jack Trice, kijana aliyekuwa akicheza futiboli ya Kimarekani katika chuo cha Iowa State, mjini Ames, jimbo la Iowa nchini Marekani, akafariki tarehe 8 Oktoba 1923 akiwa na umri wa miaka 21. Nasema aenziwe kwa yale aliyoyakusudia yeye mwenyewe, wala kifo chake kisiachwe kuwa ndiyo habari yake yote.

Kwa hesabu ya mechi, Trice aliichezea timu kubwa ya chuo mara mbili tu, kwa kuwa kanuni za enzi hizo hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuingia uwanjani pamoja na wakubwa wake. Alikuwa ametoka jimbo la Ohio akimfuata kocha wake, Sam Willaman, na ndiye mwanamichezo wa kwanza Mmarekani Mweusi katika chuo hicho. Alisomea ufugaji, akinuia kwenda majimbo ya kusini baada ya kuhitimu ili awasaidie wakulima Weusi kwa elimu aliyoipata. Mimi nami ni mtu wa mifugo, na kila nisomapo habari zake husimama kwanza hapo, kwa sababu nawajua vijana wengi waliotoka vijijini na nia kama hiyo, na sijasikia hata mmoja akisifiwa kwayo uwanjani.

Usiku wa kuamkia mechi dhidi ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyochezwa mjini Minneapolis tarehe 6 Oktoba, alikaa hotelini akajiandikia barua. Humo alisema kwamba heshima ya watu wake, ya familia yake na yake mwenyewe imo hatarini, kwamba kila mtu anamtarajia atende makubwa, naye atayatenda, kwa kuutoa mwili na roho yake yote uwanjani. Kesho yake aliumia mtulinga mapema katika mchezo, lakini hakukubali kutoka. Katika robo ya tatu alijitupa chini kuwazuia wapinzani, akaangukia mgongo, wakampita juu. Hadi leo watu wanabishana kama walimkanyaga kwa makusudi. Madaktari wa huko walimwona anafaa kusafiri, akarudishwa Ames kwa treni, na baada ya siku mbili akafariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili.

Barua ile ilikutwa katika mfuko wa koti lake, na mkuu wa chuo akaisoma mbele ya waombolezaji wapatao 4,000. Kisha miaka ikapita, na jina lake likabaki kwenye kibao kimoja ambacho wapita njia hawakukitazama. Waliomfufua ni wanafunzi ambao hawakuwahi kumwona, wengi wao wazazi wao wenyewe walikuwa hawajazaliwa alipokufa. Walianza mwaka 1973 kudai kwamba uwanja mpya uliokuwa ukijengwa upewe jina lake. Wakuu wa chuo walisita, na mwaka 1984 wakatoa nusu ya walichoombwa: sehemu ya kuchezea ikaitwa kwa jina la Trice, uwanja wenyewe ukapewa jina jingine. Vizazi vya wanafunzi vilihitimu na kuondoka, na kila kilichokuja kiliendeleza dai hilo, hadi mwaka 1997 uwanja mzima ulipoitwa Jack Trice Stadium. Nauthamini uvumilivu huo kuliko saruji ya uwanja, kwa maana wale waliolianzisha dai walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima wenye watoto lilipokubaliwa.

Lakini kinachonigusa zaidi ni sanamu iliyowekwa mwaka 1988 kwa juhudi za wanafunzi wa chuo hicho. Ingekuwa rahisi kumchonga akiwa katika jezi, kichwa kimeinama, akimkabili mpinzani. Wao walimtaka katika mavazi ya kawaida ya mwanafunzi, amesimama, na barua yake mkononi, anaisoma.