Nani atusemee? Kutafuta sauti za nyumbani kwa kazi za vijana

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana Pangani. Tupo 18. Tunafuga nyuki kwenye mikoko, na tuna cherehani nne za kufundishia mabinti waliomaliza darasa la saba. Tumemlipa mtangazaji kutoka Tanga mjini, tumetengeneza video, na diwani ametusifu mkutanoni. Wazazi bado hawaleti mabinti, na wapo wanaosema tunazurura tu mikokoni. Tutapata wapi sauti za hapa hapa za kututangazia?

JIBU: Ndugu katibu, pole na kazi. Nimefanya redio jamii miaka tisa na swali lako nimeulizwa na vikundi vingi, ila wachache wana kazi ya kuonesha kama yenu. Ndiyo maana nakujibu kwa kirefu.

Mtangazaji wenu alimaliza kusoma tangazo, akalipwa, akapanda basi. Diwani husifu kila kikundi, na watu wanalijua hilo. Mtu wa Bweni, hapo ng'ambo ya kivuko, akisema asali yenu haijachanganywa na sukari, kesho yake atakuwa kivukoni pamoja na aliyeinunua kwa neno lake. Huyo ana cha kupoteza akisema uongo, na msikilizaji anajua. Tafuta watu wa namna hiyo, hata kama sauti zao si nyororo.

Namna ya kuwapata: usiulize nani anajua kuongea, utaletewa washereheshaji. Uliza hivi: "Ukitaka mtoto wako ajifunze kazi, unakwenda kumuuliza nani kwanza?" Waulize watu kumi, sehemu tofauti: wanaosubiri kivuko, wacheza bao, akina mama wa kikoba, bodaboda. Jina likijirudia mara tatu, mfuate mwenye nalo. Mara nyingi si kiongozi. Mahali pamoja nilipofanya kazi majina yote yalituelekeza kwa mama mmoja muuza vitumbua, kwa sababu kila mzazi hupita kwake alfajiri na yeye hasahau mtoto wa mtu. Tulikuwa tumepita mbele ya karai lake mwezi mzima tukienda kumtafuta mwenyekiti.

Ukishampata, usimpe maneno ya kusema. Mwalike aje aone: avae kofia ya wavu, asimame karibu na mzinga, aguse mshono wa sare aliyoshona binti. Kisha mwache arudi kwake. Akirudi mwenyewe na maswali, hapo ndipo mnarekodi. Nauli na chai mpeni. Msimlipe kwa kuwasifu, maana siku itakapojulikana, neno lake na kazi yenu vitaanguka pamoja.

Na mtafuteni aliyewapinga. Kipindi kilichonipa simu nyingi kuliko vyote kilikuwa cha baba mmoja aliyemkataza binti yake kujiunga na kikundi cha ushonaji, akaeleza mbele ya kinasa sauti alichokuwa anaogopa na siku alipobadili mawazo. Wazazi waliopiga simu walikuwa na hofu ileile, ila hawakuwa wamepata mtu wa kuisema.

Kurekodi, simu inatosha. Iweke hali ya ndege isije ikaita katikati. Ishike shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi isigonge kipaza sauti. Pangani kuna upepo wa bahari, kwa hiyo ingieni ndani, chumba chenye godoro na nguo zilizotundikwa. Chumba kitupu chenye bati hurudisha mwangwi. Mwanzo muulize amekula nini asubuhi, kwa kupima sauti na kumtoa wasiwasi. Halafu omba kisa: "Nieleze siku ya kwanza ulipomwona binti yako na cherehani." Ukiuliza "unakionaje kikundi?" utajibiwa "kizuri", basi. Akinyamaza, nawe nyamaza, usimkatize. Mwisho rekodi nusu dakika ya cherehani ikikimbia au nyuki wakivuma, itawafaa wakati wa kuhariri.

Ruhusa msiipuuze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa pia sauti na picha za watu, kwa hiyo arekodiwe akisema amekubali na itatumika wapi. Mabinti wenu wengi wako chini ya miaka 18, hao ni watoto kisheria: mzazi akubali kwanza, na binti mwenyewe pia. Akisema hataki, msimbembeleze. Kabla ya kurusha, msikilizishe kila mtu kipande chake.

Dakika tatu zinatosha. Pelekeni Pangani FM, ambayo ni redio ya jamii hapo hapo kwenu, mkiomba saa ambayo akina mama wapo jikoni na redio imewashwa. Kipande hicho hicho kitumeni kwenye makundi ya WhatsApp ya vikoba na ya madrasa, kikitumwa na msemaji mwenyewe, si na katibu. Na mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukaa kila miezi mitatu, ombeni nafasi msemaji huyo asimame aulizwe maswali ana kwa ana.

Jambo moja nakusihi: semeni habari za fedha. Watu wanajua halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kikundi kikikaa kimya, kinadhaniwa kiliundwa kwa ajili ya huo mkopo. Kama mlikopa, mweka hazina aseme hewani ni kiasi gani, kimenunua nini, na mmesharejesha kiasi gani. Kama hamkukopa, aseme pia.

Anza na wale watu kumi wiki hii. Kipande cha kwanza kikiwa tayari nitumie, hata kama upepo umeingia. Nitakisikiliza chote na kukuandikia pa kukata.