Taa ya DSL ikipepesa, anza na waya wa ukutani

Kwa misimu miwili ya masika, intaneti ya nyumbani kwa mama yangu, Upanga, ilikuwa na tabia ile ile. Mvua inanyesha usiku, asubuhi mtandao unakatika kila baada ya dakika kumi, na hali inaendelea hivyo siku mbili tatu mpaka jua liwake sawasawa. Mama ana mdogo wake Muscat, na kila Ijumaa huwa wanaonana kwa video. Ijumaa ya mvua, sura ya mama mdogo inaganda katikati ya salamu, kisha inapotea. "Mwanangu, hebu njoo uitazame hii mashine, imelala tena," ananipigia.

Tulipiga simu huduma kwa wateja mara nyingi. Jibu lilikuwa moja: zima, subiri, washa. Tukaletewa modemu mpya, yaani ile mashine inayounganisha nyumba na mtandao. Mvua iliyofuata, yale yale. Hapo ndipo nilipoacha kuishughulikia modemu nikaanza kuifuata laini yenyewe, na niliyojifunza ndiyo ninayotaka kukuachia, hasa wewe unayeishi kwenye nyumba ya zamani ambayo bado inapata intaneti kwa waya wa simu, yaani DSL.

DSL inapita kwenye nyaya mbili nyembamba za shaba zilizosokotwa pamoja, zile zile zilizowekwa kwa ajili ya simu ya mezani. Zinatoka ukutani kwako, zinapanda nguzoni, zinaingia kwenye kasha la mtaani, zinakwenda mpaka kituo cha simu. Sauti ya mazungumzo inatumia masafa ya chini, yasiyozidi kilohezi 4. Intaneti inakaa juu yake, kuanzia kama kilohezi 25 hadi megahezi 1.1 kwa ADSL ya mwanzo, ile DSL ya kawaida ya majumbani, na hadi megahezi 2.2 kwa toleo lake jipya zaidi, ADSL2+. Ndiyo maana unaweza kuongea na simu huku mtandao unaendelea. Ila masafa hayo ya juu ni dhaifu: kadiri waya unavyorefuka ndivyo yanavyofifia, na kiungo kibovu kimoja kinatosha kuyaharibu. Ile megabiti 24 kwa sekunde ya ADSL2+ ni ya aliye jirani kabisa na kituo. Ukiwa kilomita nne au tano mbali, utapata sehemu ndogo tu, na hakuna modemu itakayobadilisha hilo. Na umbali unaohesabika ni wa waya, ambao huzunguka mitaa kabla ya kukufikia.

Sasa tazama taa, kwa utulivu. Ukiona taa ya DSL inapepesa bila kutulia, modemu yako haijaelewana na kituo, kwa hiyo tatizo liko kwenye waya, kwenye modemu au kituoni. Usihangaike na waifai. Ikiwa taa ya DSL imetulia lakini ya intaneti imezima au ni nyekundu, waya unafanya kazi. Tatizo ni jina na nywila ya kuingilia, malipo yaliyokwisha, au hitilafu upande wa kampuni. Zote zimetulia lakini simu yako haipati kitu? Hapo ndipo uanze kushuku waifai.

Nakuomba sana: usibonyeze kile kitundu cha kurejesha modemu kwenye hali ya kiwandani kama huna jina na nywila ulizopewa na kampuni. Kinafuta kila kitu, na jirani yetu mmoja alikaa bila mtandao wiki nzima kwa sababu ya kijiti cha meno. Kuzima na kuwasha kwa swichi hakufuti chochote.

Kipimo kinachofuata hakihitaji kifaa chochote zaidi ya simu ya mezani. Inyanyue, bonyeza namba moja ili mlio wa laini ukatike, halafu nyamaza usikilize. Laini isiyo na hitilafu iko kimya. Ya mama ilikuwa inakwaruza kama mtu anayekaanga vitunguu kwenye chumba cha pili. Ukisikia hivyo, una kiungo kilicholegea au maji yameingia mahali.

Ushahidi mwingine uko ndani ya modemu. Fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au anwani iliyobandikwa chini ya modemu, uingie ukurasa wa hali ya laini. Tafuta palipoandikwa SNR Margin. Hiyo ni akiba, yaani ishara imeizidi kelele kwa kiasi gani zaidi ya kinachohitajika. Desibeli 10 na kuendelea ni afya. Ikishuka chini ya 6, tegemea kukatikakatika. Karibu yake pameandikwa Attenuation, ambayo ni kiasi ishara ilichopoteza njiani: hapa namba ndogo ndiyo nzuri, na ikikaribia 60 uko mwisho wa uwezo wa DSL. Niliziandika kwenye daftari la mama la mahesabu ya sokoni. Siku kavu akiba ilikuwa 12. Asubuhi baada ya mvua, 4. Upotevu ukionekana vile vile huku akiba inaporomoka kila mvua inaponyesha, huna sababu ya kununua modemu.

Nikazunguka nje. Chini ya paa, upande wa bafuni, pana kiboksi cha plastiki kilichopauka ambacho sote tumekipita tangu utotoni. Mfuniko ulikuwa umepasuka kona. Ndani sisimizi walikuwa wamejenga, udongo mwekundu umejaa nusu, na mahali waya wa nguzoni unapokutana na waya wa ndani, mtu alikuwa amesokota kwa mkono na kuzungushia utepe mweusi. Nilipousogeza utepe, shaba ilikuwa ya kijani na ikamegeka. Nikaishia hapo. Waya wa simu una umeme wa volti 48 hivi hata ukiwa umetulia, na simu inapoita unapanda zaidi, kwa hiyo usiushike kwa mikono yenye maji. Isitoshe, kuanzia kiboksi hicho kwenda nje ni mali ya kampuni.

Nilipopiga simu safari hii sikusema "intaneti inasumbua." Nilisema: laini inakwaruza, akiba ni 4 baada ya mvua na 12 siku kavu, kiungo cha boksi la nje kimeoza. Nikaomba namba ya malalamiko nikaiandika. Fundi alikuja kesho yake, mtu mzima, akamsalimia mama, akakata shaba mpaka alipofika penye rangi safi, akaunga kwa viunganishi vidogo vyenye jeli ndani ambavyo havipitishi maji, akabadilisha boksi. Dakika ishirini. Akiba ikapanda hadi 13, na ule mkwaruzo ukaisha.

Kabla ya kumwita fundi, lakini, safisha upande wako. Chomoa simu zote na faksi, uunganishe modemu peke yake kwenye soketi ya kwanza inakoingilia laini, kwa waya mfupi. Ikitulia, rudisha kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji. Kila simu ya mezani lazima iwe na filta yake, kile kiboksi kidogo kinachotenganisha sauti na intaneti, na modemu ichomekwe kwenye tundu la DSL, si la simu. Ule waya bapa mrefu unaopitishwa chini ya zulia hadi sebuleni, utoe. Sogeza modemu karibu na soketi na ufikishe mtandao sebuleni kwa waifai.

Kuhusu kasi, pima kwa kompyuta iliyochomekwa moja kwa moja kwenye modemu. Na kumbuka kampuni inauza megabiti ilhali faili linapimwa kwa megabaiti, kwa hiyo gawanya kwa 8: laini ya megabiti 8 inashusha megabaiti 1 kwa sekunde ikiwa katika hali bora. Kitu kinachowachanganya wengi zaidi ni upande wa kupandisha, ambao kwa ADSL ni mwembamba mno, mara nyingi haufiki hata megabiti 1. Wajukuu wakija likizo na simu zao zikaanza kupeleka picha mtandaoni zenyewe, upande huo unajaa, na nyumba nzima inakwama, hata anayesoma ujumbe tu. Tulizima upelekaji huo ufanyike usiku peke yake.

Radi zikianza, chomoa waya wa simu pamoja na wa umeme. Watu huchomoa umeme tu, na modemu inaungulia kwenye laini. Mama siku hizi anachomoa zote mbili mwenyewe, na asubuhi akishawasha anaandika namba kwenye lile daftari, kati ya bei ya nazi na ya mchele.