Muulize Fundi: Ombi la Anwani Limeishia Wapi?

Mwezi huu barua nyingi zinalia kilio kimoja: kadi pepe za mtandao kwenye Linux zinakaa bila anwani ya IP. Nimechagua tano. Wengi wenu mnanieleza mlichobadilisha, wachache sana mnanieleza mlichokiona, kwa hiyo msishangae nikianza kwa kuuliza pakiti ilionekana wapi mara ya mwisho.

Swali: Fundi, shikamoo. Nina kompyuta ya Linux inayobeba mashine pepe mbili za KVM. Nilitengeneza daraja br0, nikaliunganisha na kadi halisi enp3s0, na mashine zote mbili zikawa zinachukua anwani kwenye ruta bila shida. Juzi nimeweka Docker, programu ya kuendesha kontena, kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa kazi nyingine kabisa. Tangu hapo mashine pepe zinaamka na anwani zinazoanza na 169.254. Nimezima ruta na kuiwasha, nimefuta kadi pepe na kuziunda upya, nimebadilisha hata programu ya DHCP, ile ya kuomba anwani, ndani ya mgeni, yaani mashine pepe. Hata nikiweka anwani kwa mkono, ping haifiki kwenye ruta. Nifanyeje? — *Mwenye Daraja*

Jibu: Marahaba. Dalili kubwa kuliko zote umeiweka mwishoni kama nyongeza: hata anwani ya mkono haifanyi kazi. Basi iache DHCP ipumzike, mgonjwa si yeye.

Kwanza tuimalize hiyo 169.254. Hakuna seva iliyokupa. Fungu la 169.254.0.0/16 limetengwa kwa ajili ya mashine kujipa anwani zenyewe zinapokosa wa kuzipa, na utaratibu wake uliandikwa kwenye RFC 3927 (hati ya kanuni za intaneti) mwaka 2005. Ukiiona, ujue mgeni ameuliza na hakusikia jibu. Haikuambii kama swali halikutoka au jibu halikurudi, na tofauti hiyo ndiyo kazi yote.

DHCP ni mazungumzo ya pakiti nne. Mgeni anatangaza kwa wote kwamba anatafuta seva, seva inapendekeza anwani, mgeni anaiomba rasmi, seva inathibitisha. Kwenye tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti, zinaonekana kama Discover, Offer, Request na ACK. Seva husikiliza kwenye UDP mlango wa 67, mteja mlango wa 68. Kwa hiyo fungua madirisha matatu kwenye mashine mwenyeji, ile inayobeba wageni, kila moja na kadi yake:

`tcpdump -env -i vnet0 port 67 or port 68`

halafu hivyohivyo kwa br0 na enp3s0. Jina la vnet0 usilikisie; `virsh domiflist` na jina la mashine yako litakuonyesha ni kadi ipi ya mgeni yupi. Kisha mwambie mgeni aombe anwani upya.

Natabiri utaona Discover kwenye vnet0, utaiona na kwenye br0, na kwenye enp3s0 kimya. Ruta uliyoizima na kuiwasha haijawahi kusikia chochote.

Kabla hujagusa kitu, fanya jaribio moja zaidi, maana ndilo linalomtaja mhusika. Mgeni akiwa na anwani ya mkono, piga ping kwenda kwenye ruta, kisha andika `ip neigh` ndani ya mgeni. Ukikuta anwani ya MAC (namba ya kadi yenyewe) ya ruta imeandikwa pale ilhali ping imekufa, daraja ni zima: ARP, ulizo la kutafuta MAC ya mwenye anwani, inavuka kwenda na kurudi, ila pakiti za IP zinakamatwa njiani. Kebo mbovu haichagui hivyo, na swichi ya kawaida haichagui hivyo. Faiwoli ndiyo inayochagua.

Na faiwoli hiyo ni ya kompyuta yako mwenyewe. Docker inapowaka kwa kawaida huweka msimamo wa mnyororo wa FORWARD, yaani sheria za pakiti zinazopita tu, kuwa DROP: zitupwe. Peke yake hilo lisingekudhuru, kwa sababu fremu inayovuka daraja si kazi ya iptables, faiwoli ya Linux. Lakini moduli ya kerneli iitwayo br_netfilter ikiwa imepakiwa, nayo Docker ina desturi ya kuipakia, kila pakiti ya IP inayovuka daraja lolote kwenye kompyuta hiyo hupitishwa kwanza mbele ya iptables, pamoja na daraja ambalo Docker hailijui wala haina haja nalo. Sijawahi kuipenda tabia hii. Thibitisha kwa amri mbili:

`sysctl net.bridge.bridge-nf-call-iptables`

`iptables -nvL FORWARD`

Ya kwanza ikijibu 1, na ya pili ikionyesha policy DROP huku hesabu yake ya pakiti ikipanda kila mgeni anapoomba anwani, mwizi umemshika. Dawa ninayoipendelea ni sheria moja inayoruhusu vinavyoingia br0 na kutokea br0:

`iptables -I DOCKER-USER -i br0 -o br0 -j ACCEPT`

Mnyororo wa DOCKER-USER umewekwa kwa ajili ya sheria zako, na Docker haiufuti inapojipanga upya. Ila ukizima kompyuta sheria inapotea, kwa hiyo iandikie huduma ndogo ya systemd, msimamizi wa huduma za Linux, inayowaka baada ya docker.service. Utawasikia watu wakikushauri uweke ile sysctl kuwa 0 na mambo yaishe. Yataisha kwako leo, lakini ukija kuweka Kubernetes, mpangaji wa kontena, kwenye kompyuta hiyo, huduma zake huenda zikaitegemea hiyo 1.

Zile kadi pepe ulizofuta na kuziunda upya hazikuwa na kosa. Na kama uliziunda bila kuzipa MAC za zamani, angalia orodha ya anwani ulizohifadhi kwenye ruta, kwa sababu sasa wageni wako ni wageni kweli.

Swali: Kaka Fundi, nimetengeneza mashine pepe moja nzuri, nikainakili. Kila nakala nimeipa MAC yake, nimehakikisha kwa macho. Seva ya DHCP inazipa zote anwani ileile, zinapokonyana siku nzima. Seva imeharibika? — *Mnakili*

Jibu: Seva inafuata sheria, na sheria ni ya zamani. RFC 2131 ya mwaka 1997 inasema mteja akituma kitambulisho chake, seva imtambue kwa hicho. MAC itumike pale tu kitambulisho kinapokosekana. Wewe umebadilisha MAC, kitambulisho umekinakili.

Kama mgeni anatumia systemd-networkd, kitambulisho hicho hutengenezwa kutokana na faili la /etc/machine-id. Nakala zako zote zina faili moja, na kwa kuwa kadi zimekaa kwenye tundu lilelile la mashine pepe na kuitwa jina lilelile, hata sehemu ya kitambulisho inayohusu kadi inafanana. Seva inaona mteja mmoja mwenye wasiwasi anayerudi kila mara. Ukitaka kuhakikisha, soma Discover za nakala mbili kwa tcpdump yenye -v na ulinganishe mstari wa Client-ID.

Kwa nakala zilizopo tayari:

`truncate -s 0 /etc/machine-id`

kisha uwashe upya. Systemd ikikuta faili tupu inaandika kitambulisho kipya. Ila kabla ya kuwasha upya, angalia na /var/lib/dbus/machine-id: ikiwa ni kiungo tu cha faili la kwanza, iache, ikiwa ni faili kamili, ifute uweke kiungo. Kwa mashine mama, limwage faili hilo iwe jambo la mwisho kabla ya kuizima na kuinakili, kwa sababu ukiiwasha tena hata mara moja linajaa.

Kuna njia ya mkato: mwambie mteja ajitambulishe kwa MAC. Kwenye faili la .network, chini ya [DHCPv4], ni `ClientIdentifier=mac`; kwenye netplan ni `dhcp-identifier: mac`. Inafanya kazi vizuri. Mimi bado ningesafisha machine-id, kwa sababu anwani ni dalili ya kwanza tu. Vitu vingine kwenye mfumo navyo hudhani faili hilo halina pacha.

Swali: Habari Fundi. Kwenye kompyuta ya mezani yenye kebo, macvlan inapata anwani vizuri. Nimenakili mipangilio ileile kwenye laptopu, nikabadilisha jina la kadi tu kuwa wlp2s0. Kontena hazipati kitu. — *Asiyetaka Kebo*

Jibu: Umebadilisha zaidi ya jina. Macvlan humpa kila mgeni MAC yake mwenyewe juu ya kadi moja. Kwenye kebo swichi haijali. Kwenye Wi-Fi laptopu yako imejisajili kwa kituo (access point) kwa MAC moja, na kituo hakipokei fremu za mtumaji ambaye hajasajiliwa. Hakuna mpangilio wa DHCP utakaolitibu hilo, na daraja la kawaida juu ya Wi-Fi linakwama palepale.

Tumia NAT, wageni wote watoke kwa anwani ya mwenyeji. Ukiwa na libvirt (msimamizi wa mashine pepe), mtandao wake uitwao default unakungoja: daraja virbr0, anwani za 192.168.122.0/24, dnsmasq ndiyo inayozigawa. Ukionekana haupo hewani, `virsh net-start default` na `virsh net-autostart default`. Na hapo mgeni akikosa anwani, angalia faiwoli ya mwenyeji kama inaruhusu UDP 67 kuingia kupitia virbr0. Utaona Discover kwenye tcpdump na utaapa kwamba dnsmasq imeipata. Tcpdump husoma kabla ya faiwoli, dnsmasq baada yake.

Mtakaoniandikia kuhusu ipvlan, ndugu ya macvlan, najua. Inatumia MAC moja kwa wote, kwa hiyo kituo kitaikubali, lakini kila mgeni lazima atume kitambulisho chake tofauti, na seva yenye kutazama MAC peke yake itawaona wote mtu mmoja. Kwa wageni wachache wape anwani za mkono, uokoe jioni yako.

Dalili hizihizi utazikuta pia ukiweka macvlan ndani ya mashine pepe. Pale anayekataa MAC za ziada ni programu inayoibeba mashine hiyo: kwenye vSphere tafuta Forged transmits na Promiscuous mode, kwenye Hyper-V tafuta MAC address spoofing.

Swali: Nimeendesha dhcpcd kwenye wg0 usiku kucha. Haijibiwi. — *Mvumilivu*

Jibu: Wala haitajibiwa. Hiyo wg0 ni kadi ya WireGuard, handaki la VPN, nayo haina Ethernet ndani yake: hakuna MAC, hakuna kutangaza kwa wote. Andika anwani kwenye mstari wa Address wa faili lake. Ukitaka DHCP ipite kwenye handaki, tafuta handaki la aina ya tap, linalobeba fremu za Ethernet. La tun halina ubavu huo.

Swali: Shikamoo Fundi. Kontena zangu zikiwaka tu hazipati anwani, script inashindwa na kuacha. Nikiingia mwenyewe baadaye kidogo na kuomba tena, anwani inakuja papo hapo. Nimeweka sleep 40 kwenye script na inafanya kazi, ila roho inanisuta. — *Msubiri*

Jibu: Marahaba, na roho yako ina haki. Kadi inapoongezwa kwenye daraja la Linux lililowashwa STP, kinga ya mizunguko ya pakiti, hairuhusiwi kupitisha pakiti hapohapo. Inasikiliza sekunde 15, inajifunza sekunde 15, ndipo inafunguka. Kila hatua ni muda wa forward_delay; STP ikiwa imezimwa, kwenye kerneli za leo kadi hufunguka bila kusubiri. Discover zote za wakati wa kusubiri zinamwagwa, na mteja asiye na subira anakata tamaa mlango unapokaribia kufunguka.

Washa kontena na wakati huohuo urudierudie `bridge link`. Utaiona kadi ikitoka listening au learning kwenda forwarding. Kisha `ip -d link show br0`: ukisoma forward_delay 1500, hizo ni sehemu za mia za sekunde, yaani 15.

`ip link set br0 type bridge stp_state 0`

Sleep uifute. Kwenye netplan ni `stp: false` na `forward-delay: 0` chini ya parameters, ili idumu ukizima kompyuta. Usiifanye hivi kama daraja hilo lina kadi mbili halisi zinazokwenda kwenye swichi moja. Hapo STP ndiyo inayozuia mzunguko, na bila yake tangazo moja la DHCP litazunguka mpaka mtandao mzima usimame.